Mwiko Si Mwiko

Wapenzi wasomaji, haya tunayoyaeleza leo hatuyaelezi kwa kujisifu, maana aibu yake ni yetu sisi wazazi. Tunayaeleza kwa kuwa huenda nyumbani kwako, kama kwetu, yumo kijana wa miaka 14 ambaye ghafla amepunguza maneno.

Mwana wetu alikulia jikoni. Alipokuwa mdogo, nyanya yake alimkalisha juu ya mbuzi akakuna nazi, nasi tukacheka na kumsifu. Alipokaribia kubaleghe, sauti ikaanza kukwaruza, na kicheko kile kikageuka. Shangazi zake wakimkuta akikaanga vitunguu huuliza kwa mzaha ni nani atakayemuoa. Wavulana wa mtaani wakampachika jina la kike. Nasi, badala ya kumsitiri mtoto wetu, tukaingiwa na hofu ya maneno ya watu. Baba akatoa amri: jikoni asionekane tena, na baada ya alasiri aende uwanjani na wenzake. Mama akaiunga mkono amri hiyo kwa kunyamaza. Tulijiambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Kijana alitii, au ndivyo tulivyodhani. Jioni hukaa sebuleni akingoja sahani yake, huku dada yake, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, akifunga vitabu kwenda kupika chapati. Usiku mmoja binti huyo alituuliza kwa adabu: "Mama, yeye aipenda kazi hii, nami saa za kusoma zaniishia. Ni nani afaidikaye yeye akikaa bure?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia anyamaze.

Ikafika Mfungo Mosi, harusi zikaanza tena baada ya Ramadhani. Tulialikwa mtaa wa pili. Baba alipopita uani kuwaamkia wapishi, akamkuta mwana wetu katikati ya moshi wa kuni, mwiko mrefu mkononi, jasho likimtiririka, pamoja na wanaume wazima wanne. Ilibainika kwamba kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akitoka nyumbani na viatu vya mpira begani, kisha haendi uwanjani, bali huenda kwa mpishi huyo kumenya vitunguu na kuchambua mchele. "Mwanao ana mkono mzuri," mzee yule akasema. "Nami nilidhani ni nyinyi mliomruhusu."

Usiku ule hatukulala. Kilichotuchoma hakikuwa biriani. Mtoto ambaye hatukupata kumjua kwa uongo alikuwa amejifunza uongo, na waalimu wake ni sisi. Tulipomuuliza sababu, alijibu neno moja tu: "Kule hakuna anichekaye."

Hapo ndipo tulipoanza kujihesabu. Biriani za harusi zetu hupikwa na wanaume, tukawalipa na kuwaombea dua. Kanzu zetu hushonwa na mafundi wanaume. Huko Lamu, kofia za kushonwa kwa mkono hupita katika mikono ya wanaume na wanawake pia. Basi yawaje sindano na mwiko viwe heshima ya mwanamume penye malipo, na viwe aibu yake nyumbani kwao?

Kwa kuwa tulikuwa tumezoea kuitaja dini kila tulipomkataza, tulikwenda kumuuliza maalim. Alitueleza kwamba onyo la mwanamume kujifananisha na mwanamke tunalijua sote, lakini kumpikia mamako chakula si kujifananisha na yeyote. Akatukumbusha aliyoyasimulia Bibi Aisha (R.A.), kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Sala ukiingia hutoka kwenda kusali. Tukakumbuka pia kwamba Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake, na Mtume mwenyewe alisafiri na mali yake kabla ya kumuoa. Tulichokuwa tukikiita dini kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni hofu ya baraza.

Umri huu, ndugu zetu, kijana hujiuliza mchana na usiku: mimi ni nani? Asipopata nafasi ya kujiuliza mbele ya wazazi wake, atakwenda kujiuliza mahali pengine. Wetu, Alhamdulillahi, aliangukia kwa mzee mwema penye kuni na mchele. Angeweza kuangukia kwa waovu, nasi tungeendelea kuamini kwamba yuko uwanjani.

Sasa tumepatana. Kijana hupika siku tatu kwa juma na kuosha masufuria yake mwenyewe. Masomo na Sala havichezewi. Na kwa mpishi huenda Jumamosi, tena kwa ruhusa. Dada yake alipata jioni zake za kusoma. Tulimuomba kijana radhi, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa baba aliyelelewa kuamini kwamba mzazi hakosei. Wala hatusemi kwamba yamekwisha. Shangazi bado hutia maneno, na wageni wakiingia ghafla baba hutamani kwanza kumwita mtoto atoke jikoni. Huuma ulimi, kisha huwaambia wageni: "Karibuni, chakula hiki amepika mwanangu."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwasitiri watoto wetu kabla ya kuyaogopa macho ya watu, na awafanye vijana wetu, wake kwa waume, kitulizo cha macho yetu. Amin.