Shilingi ya Omena Yaenda Wapi?

Mimi ni karani wa serikali hapa Kisumu, na kazi yangu ni kupokea ushuru. Kazi hii haina sifa nyingi. Watu wakimwona karani wa ushuru akija sokoni asubuhi, humwamkia kwa adabu, lakini moyoni hufurahi akiisha kupita. Jambo hilo halikunisumbua mpaka siku moja mwaka jana, mama mmoja muuza omena katika soko la ufuoni aliponiuliza swali nikashindwa kulijibu.

Alikuwa amekwisha kulipa kwa simu, kama ilivyo desturi siku hizi, nami nimemkabidhi stakabadhi. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, ushuru huu nimeulipa tangu kifungua mimba wangu yu mgongoni. Sasa mjukuu wangu asoma chekechea ndani ya kanisa, na siku ya ibada ya akina mama watoto hurudishwa nyumbani. Niambie, shilingi yangu yaenda wapi?"

Nikamjibu upesi, "Mama, yaenda serikalini." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliikunja ile stakabadhi akaifunga katika pindo la leso yake.

Neno langu lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Nami niliona haya zaidi kwa kuwa mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa omena. Nilisoma katika shule ya sekondari ya misheni: kanisa lilikuwa mfadhili, serikali iliwalipa walimu, na wazazi walilipa karo. Mama yangu hakunung'unika juu ya karo, ijapokuwa ilikuwa nzito, maana aliona matunda yake. Juu ya ushuru wa soko alinung'unika kila siku, ijapokuwa ulikuwa mdogo.

Yafaa tukumbuke kwamba jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwezi wa Desemba mwaka 1921 watu walikutanika Lundha, katika Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association. Walilalamikia kodi na kipande, lakini hawakuishia hapo. Walidai pia shule ya serikali, kwa sababu wakati ule elimu karibu yote ilikuwa mikononi mwa misheni, kama ile ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906. Mabaraza ya wenyeji yalipoundwa tangu mwaka 1924, yaliruhusiwa kutoza kodi ndogo ya mahali zaidi ya ile ya serikali, na sehemu kubwa ya fedha hizo wazee waliitenga kwa elimu. Shule ya serikali ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilisaidiwa kwa fedha za namna hiyo. Hapana aliyeipenda kodi, lakini mtu aliweza kunyosha kidole na kusema, "Shilingi yangu imo katika ukuta ule."

Baadaye mambo yalibadilika. Halmashauri nyingi zililemewa na gharama, na kwa sheria ya mwaka 1969 elimu ya msingi ikahamishiwa Serikali Kuu, isipokuwa katika miji michache, Kisumu ikiwa mmojawapo. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali ikaondolewa. Ndipo Katiba ya mwaka 2010 ikagawanya kazi upya: shule za msingi na za sekondari zikabaki kwa Serikali Kuu, na chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini vikawa mzigo wa kaunti.

Basi hili ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama. Shilingi yake huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Humo huchanganyika na kodi ya viwanja, ada za leseni za biashara na za kuegesha magari, pamoja na fedha nyingi zaidi zitokazo Nairobi. Kutoka mfuko huo hununuliwa dawa, hutengenezwa barabara, na hulipwa walimu wa chekechea.

Labda msomaji atauliza, mbona kila soko lisijenge shule yake kwa ushuru wake? Hapana, hilo nalo lina hatari. Huko Marekani shule za serikali hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi ya mahali, na kwa sababu hiyo mara nyingi mtaa wa matajiri hupata shule tajiri, na mtaa wa maskini hupata shule maskini. Ni vyema fedha zichanganywe, lakini zisifichwe.

Kwa sheria, makadirio ya matumizi ya kaunti hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kila mwaka kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Nimepata kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Wenye kutaka barabara walikuwapo, wakasema sana. Akina mama wa sokoni hawakuwapo hata mmoja, maana ilikuwa siku ya soko.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza haya yote, nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe yaenda mahali. Mkutano ukiitishwa, uniambie siku, nami nitafunga karai langu."

Nilimwambia siku, naye akaja pamoja na wenzake wanne. Alisimama akauliza juu ya darasa, na swali lake likaandikwa. Darasa lenyewe bado halijajengwa, na watoto wangali kanisani. Lakini mwaka huu ananiuliza kabla sijamkumbusha, "Karani, mkutano lini?" Nami nimejifunza kwamba karani apokeaye ushuru hana budi kujua ushuru unakokwenda, na alipaye hana budi kuufuata.