Mzigo wa Mama Umefika

Lushoto, Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Kabla hujaniuliza habari za huku, nikwambie jambo moja. Juzi ulipompigia yule kijana wa bodaboda ukamfokea kwamba ameukalia mzigo wa mama siku mbili, mimi nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki, na mzigo wenyewe nimeupakata. Nilinyamaza. Yeye alisema tu, "Samahani dada, upo njiani," akarudisha simu mfukoni.

Na kweli ulikuwa njiani. Basi lenu la Dar lilikwama Soni, udongo ulikuwa umeporomoka kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo, likaingia Lushoto usiku wa manane. Mimi nilikuwa natokea Arusha. Asubuhi nikapita ofisi ya vifurushi, nikaona jina la mama kwenye boksi kwa maka peni, nikasema basi, tupande wote. Kijana alikuwa akifunga mizigo kwa mipira ya tyubu: spea za pikipiki, sare za shule, kiroba cha mitumba, na vifaranga vya siku moja. Hivyo vifaranga ndivyo vilivyopanga safari yetu, maana kifaranga hakisubiri. Viatu vya mama vinasubiri.

Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60. Msitu wa Magamba ulikuwa na ukungu mzito hata taa haisaidii, na lami ilipoisha, masika yakatuonyesha kazi. Mara mbili nilishuka kusukuma. Sketi yangu ya bluu isahau.

Lakini tope vijana wa bodaboda wamelizoea. Kinachowachosha ni simu. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zina namba, ila ninyi watu wa Dar kwenye boksi bado mnaandika jina na namba ya simu, basi. Mwenye simu yuko shambani bondeni, hapatikani. Pale Lukozi mmoja alisema "nipo hapa hapa". Tulimngoja dakika 40 katikati ya Fuso za kabichi. Alipofika, akadai nauli ameshalipa kwenye basi. Ya basi, sawa, na ya pikipiki je? Wakavutana mpaka akatoa 2,000 badala ya 5,000. Mwingine alitaka mzigo aachiwe mama wa duka. Mama wa duka akagoma: safari iliyopita boksi lilikutwa limefunguka, lawama zikamwangukia yeye.

Jioni hesabu ya tajiri mwenye pikipiki iko palepale, mizigo ifike isifike. Petroli ni ya kijana, pancha ni yake. Nikamuuliza kwa nini asibebe abiria tu. "Abiria analalamika huku yuko mgongoni kwangu," akanijibu. "Mzigo umenyamaza. Wanaolalamika wako Dar." Nilicheka, halafu nikakukumbuka wewe.

Tulifika kwa mama jua linazama, tambarare za Mkomazi zimetandaa kule chini. Amefurahi sana, ila viatu vinambana. Anavaa 39, umeleta 37. Boksi nimempa kijana ashuke nalo, nauli nimelipa mimi, 5,000, tutahesabiana nikirudi. Na safari hii andika namba mbili: ya mama, na ya yule jirani wa juu kilimani, ndiye anayepata mtandao.

Wifi yako