Rula ya Bwana Samaki

Je, mmefika Guta? Ukitoka Bunda mjini ukashika njia ya magharibi, utapita mashamba ya pamba, mihogo na mtama, kisha ghafula maji yatakutokea mbele: ndiyo Ghuba ya Speke. Utakuta Wajita, Wasukuma, Wakerewe na wengine wengi, kila mtu na lugha yake, lakini bei ya dagaa wote huitaja kwa Kiswahili. Asubuhi mitumbwi ikirudi, akina mama hungoja na mabeseni, na ndege nao hungoja.

Ziwa hili ni la nchi tatu. Katika kila sehemu 100, Tanzania ina 51, Uganda 43, Kenya 6. Majini hakuna ukuta wala seng'enge. Na kwa nchi kavu, barabara kuu ipitayo Bunda yaendelea hadi Tarime na Sirari, mpakani mwa Kenya. Samaki aliyekatazwa huku aweza kupata mnunuzi kule kesho yake. Kwa hiyo kazi ya Bwana Samaki ni ngumu kuliko watu wa bara wanavyodhani.

Nilimfahamu mmoja. Jina lake na mwalo aliofanyia kazi sitavitaja, maana ana watoto. Alipofika alikuwa na rula ya mti. Sheria ya wakati huo ilisema sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50 wala akipita 85, ili wadogo wakue na wakubwa wazae. Naye alipima kweli, mmoja mmoja, jua likimchoma na watu wakimtukana. Hata chai ya bure hakunywa. Sisi tulimwona mkorofi.

Hakuanza na fedha. Mtoto wake aliugua usiku, na mwenye mitumbwi mmoja akatoa pikipiki na gharama za hospitali. Angekataa? Mimi nisingekataa. Mtoto akapona. Tangu hapo mitumbwi ya yule tajiri ilipimwa kwa jicho tu. Kisha sato wawili wakawa wanaletwa nyumbani kila Jumamosi, mkewe akawazoea. Mwishowe magari yalikuwa yakiondoka usiku, juu magunia ya dagaa, chini sangara wachanga, naye yuko kitandani amejifunika shuka, anayasikia. Haya alinieleza mwenyewe baadaye. Rula aliichomeka darini.

Nasi je? Mwaka huo alichangia mabati ya kanisa kuliko mtu yeyote. Mimi karani nikaandika jina lake daftarini kwa mwandiko mzuri. Mshahara wa Bwana Samaki naufahamu kwa kukadiria, na hesabu nilifundishwa chuoni. Sikuuliza kitu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Wazee hukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humu, alipotawala, ilitungwa sheria ya 1963: mla rushwa afungwe si chini ya miaka miwili na achapwe viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Hata hivyo rushwa haikufa. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, nyavu haramu zikachomwa moto. Bwana wetu akaondolewa kazini. Yule tajiri alinunua nyavu nyingine.

Juzi nilimkuta Guta, mchangani, akigeuza dagaa wa mtu kwa ujira. Alinishika mkono kwa furaha.

"Ndugu yangu karani," akasema, "niandikie barua ya kuomba kazi kiwandani. Andika kwamba nilikuwa mtumishi mwaminifu."

Tukaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Niliandika elimu yake, na miaka yake ya kazi, na kwamba ajua sana kupima samaki. Lile neno moja sikuliandika. Akaisoma polepole hadi chini, akanitazama, akatia sahihi.