Umekulia Wapi?

Miaka ya kupima kwa ultrasaundi hapa Kipawa imenifundisha kudai machache kuliko wateja wanavyotaka nidai. Mtu akipewa karatasi inayosema ini lake lina doa, ukoo mzima hujua ana saratani kabla hajapanda daladala. Lakini mashine haioni ugonjwa. Hutuma sauti tusiyoisikia na kupokea mwangwi wake. Maji hayarudishi mwangwi, hivyo kifuko cha maji huonekana cheusi. Mafuta yakizidi, ini hung'aa kuliko figo iliyo jirani yake. Hemanjioma, fundo la vimishipa vya damu ambalo mara nyingi halimdhuru mtu maisha yake yote, kwa kawaida huwa jeupe lenye kingo safi. Saratani changa nayo huweza kuwa nyeupe, na hapo ndipo picha inapoishiwa maneno.

Kwa hiyo naanza na swali ambalo wengi huliona la umbea: umekulia wapi? Kipawa, chini ya ndege zinazotua, kuna watu wa kila mkoa. Makovu ndani ya ini yanayofuata mshipa unaoleta damu kutoka matumboni hunipeleka kwenye kichocho cha matumbo kwa aliyeoga Ziwa Victoria utotoni. Kwa mzaliwa wa Pwani, ambako kichocho kilichozoeleka ni cha kibofu, natafuta sababu nyingine. Kifuko chenye vifuko ndani, kwa aliyechunga kondoo akiwa na mbwa Loliondo, huenda ni cha tegu wa mbwa, na kukichoma sindano ovyo kunaweza kumwaga mbegu zake tumboni.

Wapo wanaosema huku ni kubahatisha, mgonjwa apelekwe siti skani hospitali ya Muhimbili yaishe. Siti skani yenye dawa ya mshipani huonyesha damu inavyoingia na kutoka kwenye doa, sibishi. Lakini kumtwisha kila mwenye kifuko cha maji gharama hiyo ni kumtoza kwa hofu yetu. Hoja yao kwamba kusubiri huchelewesha kuigundua saratani ndiyo yenye uzito. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002, na waliozaliwa kabla wengi hawakuipata. Sumukuvu ya mahindi na karanga, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ikikutana na kirusi hicho huzidisha hatari ya saratani ya ini kwa kiasi kikubwa. Kwa mwenye kirusi cha B, doa lile lile jeupe silipi jina la hemanjioma. Naandika ukubwa, mahali na kingo zake, kisha naomba siti skani wiki hiyo hiyo.