Tandiko la Kilimanjaro

Kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi pana uwanda mkavu uitwao Tandiko, mita 4,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayepanda kwa njia ya Marangu huuvuka siku anayotoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo, jua likimbabua uso na upepo ukimpenya mifupa. Mimi nimeuvuka tangu nikiwa mgumu, kama sisi wapagazi tunavyojiita, hadi nikawa mwongozaji.

Ukiwa mgumu, jambo la kwanza unalolijua kuhusu Tandiko ni kwamba halina maji. Kabla ya kuingia uwandani hupita kijito chenye kibao kinachotangaza kuwa hayo ndiyo maji ya mwisho. Hapo tulijaza madumu na kuyapandisha hadi kambini Kibo, mita 4,700, kwa chai, uji na supu ya wageni. Kambi imekaa chini kabisa ya kilele chenye barafu, lakini maji yake tuliyatoa nyuma, tulikotoka.

Wazee wa Uchagani walikuwa na hadithi ya vilele hivyo. Mawenzi hakuisha kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja Kibo akachoka, akamtwanga. Ndiyo maana Mawenzi amebaki na meno na makovu. Hadithi haikusema kwa nini uwanja uliopo kati yao ni mkavu vile. Hilo nilikuja kulielewa kwa kuyatazama mawingu. Upepo wa unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa kusini na kumwaga mvua yake msituni, kwenye mita 2,000 na ushei, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000. Kinachobaki kufika Tandiko hakitimii hata robo ya hiyo. Alfajiri ardhi imeganda, sindano za barafu zimeinua kokoto. Jua likipanda zinayeyuka, udongo unateleza, na mche uliotaka kushika mizizi unang'oka. Huota mafundo ya nyasi na maua makavu tu, huku na huku, na mara chache utakuta nyayo za pofu waliokuwa wakikatiza kwenda upande wa pili.

Badiliko ambalo kila mtu huliona ni la barafu. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipopanda Kibo kutokea upande huu, walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Leo wageni wangu hufika ukingo wa kreta wakiburura miguu kwenye changarawe. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki mbili. Hata mimi, katika umri wangu, nimeona weupe wa ukingoni ukimegeka vipande vipande.

Ndipo wageni huniuliza: barafu ikiisha, watu wa chini mtakunywa nini? Ninawageuza wautazame msitu. Watafiti waliopima maji ya Kilimanjaro wamekuta kwamba karibu yote hutoka ukanda wa msitu, na mchango wa barafu ni kidogo mno. Mifongo, yaani mifereji yetu ya umwagiliaji, inayonywesha migomba na kahawa yetu huanzia huko. Na juu ya msitu, kabla ya nyika, ipo miti ya erika yenye ndevu za kijivu matawini. Ukungu ukiingia humo hunaswa, ukadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua.

Oktoba 2020 moto ulizuka kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukala takriban kilomita za mraba 95 za hifadhi. Niliporudi kazini nilipita kwenye mashina meusi ya erika. Ukungu ulipanda kama kawaida yake, ukapita katikati ya mashina hayo na kwenda zake. Chini palikuwa na majivu makavu. Kwangu lilikuwa badiliko kubwa kuliko lile la Kibo, ingawa hakuna mgeni aliyesimama kulipiga picha. Tangu 2022 Horombo ina intaneti, na picha zinazorushwa jioni ni za kilele.

Siku hizi kituo changu kirefu cha maelezo nakifanya kwenye erika, kabla watu hawajachoka. Vijana wetu wagumu nawakataza kabisa kuwasha hata moto mdogo wa kuotea. Na kijijini, kikao cha mfongo kilichokuwa kikigombania zamu za maji na nani hakuja kuzibua mfereji, sasa hufunguliwa kwa swali jingine: kiangazi hiki nani atakwenda zamu ya kulinda msitu dhidi ya moto?