Mota Haifi Haraka

Mota ya stima haifi haraka. Mara nyingi kinachokufa ni kitu kidogo kando yake: beringi, kapasita, ama mafuta yaliyokauka. Lakini sisi tukiona imenyamaza tunaikimbiza skrapu, ipimwe kwa kilo kama viazi.

Ya kwetu ilitoka kwa mashine ya kukata nyasi. Baba ni mtunza bustani Loresho tangu nikiwa nasari, na karo yangu ya chuo, hadi nilipoacha mwaka wa pili, ilitoka kwa nyasi za watu. Tajiri wake aliponunua mashine ya petroli, ile ya stima akampatia. Ukiiwasha inanguruma tu, haizunguki.

Wakati huo mimi na mzee tulikuwa tunaongea salamu na tokeni za stima, basi. Kazi ya kuandika makala ukiwa umekalia kitanda haikumwingia, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza. Mota ikatupatia stori.

Kibandiko chake kilisema volti 240, hezi 50, mizunguko 2850 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya mashine za kunoa za mafundi. Tulichomoa waya, nikamaliza chaji ya kapasita kwa balbu, ndipo tukashika shafti. Kuizungusha kwa mkono ilikuwa kazi. Kumbe shida haikuwa koili, ni ukavu.

Ndani, vumbi la nyasi lilikuwa limeshikana na grisi kama ukoko wa ugali. Upande mmoja kulikuwa na beringi iliyozibwa. Hiyo haiongezwi mafuta; ikianza kukwaruza unabadilisha, so nikanunua 6202 mpya. Upande wa pili ulikuwa na bushi ya shaba nyeusi, aina ile ya unga wa madini uliobanwa na kuchomwa. Ina vitundu vidogo sana vinavyoshika mafuta kama sponji, na grisi huviziba. Tuliiosha kwa petroli nje, mbali na jiko, ikakauka, kisha ikalala usiku mzima ndani ya oili nyepesi.

Baba alikuwa amekuja na mafuta ya kupikia, yale hupaka makasi ya ua. Nikamwambia yakishika joto yatageuka gundi. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe huko chuo ulisoma."

"Hii si ya chuo, baba. Niliandika stori ya mafundi wanaofunga koili za mota Kariobangi. Nilikaa nao wiki mbili."

"Na ulilipwa?"

"Nililipwa."

Akauliza ngapi. Nikamwambia. Akageuza bushi mkononi, akaiangalia kwa mwanga wa dirisha.

"Si mbaya," akasema.

Siku hizi mota inazungusha jiwe la kunoa nyuma ya nyumba. Tuliweka kinga ya bati nzito, waya wa ardhi, na jiwe lililoandikwa kasi kubwa kuliko ya mota. Majirani huleta mapanga na visu, hamsini kila kimoja. Oili huweka baba mwenyewe, matone mawili kila mwezi upande wa bushi. Kichupa chake kinakaa rafu ya jikoni, na amekiandika kwa kalamu kubwa: USIPIKIE.