Watu wa Afya

Habari zao zilitufikia kabla yao. Kijana wa mkokoteni alipita mbio nyuma ya vibanda akisema kwa sauti ya chini, "Watu wa afya wako pale kwa fundi viatu," na papo hapo mama akaacha kusukuma chapati. Kazi yangu niliijua: kumwaga maji ya vyombo yaliyochafuka, kuteka mengine, kufunika pipa, kufagia maganda. Hiyo ilikuwa Makongeni, Thika, katikati ya miaka ya themanini. Wateja wetu walikuwa wafanyakazi wa viwandani waliokuja saa saba mchana mbiombio, wale githeri au chapati, wanywe chai, warudi kabla king'ora hakijalia.

Afisa mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye shati la kaki na daftari kwapani. Hakupaza sauti. Alianza na pipa: akafunua, akainama, akatazama kama mna viluwiluwi vya mbu. Kisha akauliza maji machafu tunayamwaga wapi. Mwisho akanyoosha mkono, "Mama, cheti."

Cheti kilining'inia msumarini kando ya kalenda, ndani ya karatasi ya nailoni kisirukiwe na mafuta. Anayeuza chakula alitakiwa apimwe kila miezi sita, na bado anatakiwa hadi leo. Kila alipokwenda kupimwa, mama alibeba choo chake ndani ya kiberiti kitupu alichokizungushia gazeti mara mbili tatu, akakishika mkononi njia nzima. Jambo hilo lilimtia haya sana. Sisi watoto hatukuambiwa, nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Lakini aliporudi na muhuri mpya alitembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Mteja aliyejua kusoma alisoma, asiyejua aliutazama muhuri, wote wakala.

Siku moja pipa lilikutwa wazi. Kibanda kilifungwa siku tatu, na mama akaulilia unga aliokwisha kuukanda. Siku ya nne yule afisa alirudi, akakuta kifuniko kipya cha bati kilichogongwa na fundi wa jua kali. Alikiinua, akakirudisha, akasema, "Sasa hata mimi naweza kula hapa." Akaketi kwenye benchi, akala, akalipa. Tangu siku hiyo mama hakuacha pipa wazi hata dakika moja, na mpaka anafariki alikuwa akituuliza kwenye simu kama tumefunika maji.

Ng'ambo kidogo tu kutoka kwetu kulikuwa na Kiandutu. Kwa Kikuyu ndutu ni funza, na mtaa ulibeba jina la mdudu huyo. Darasani kwetu walikuwapo watoto wa huko waliokanyagia visigino kwa sababu vidole havikanyagiki. Watu wa afya walikuja shuleni na beseni za maji yenye dawa ya rangi ya zambarau, wakawakalisha wenzetu kwenye mstari, wakawaosha miguu wao wenyewe kwa mikono yao. Niliwapenda siku ile. Baada ya majuma machache miguu ikawa vilevile. Dawa humfikia funza aliyemo kidoleni tu; wenzake wamo kwenye vumbi la sakafu ya udongo, wanangoja mtoto arudi nyumbani alale. Aliyehitajika pale baada ya beseni ni mtu wa saruji, na mtu wa bomba la maji.

Nilihamia Ruiru mwaka 2004, nikiwa na mume na mtoto mmoja. Wakati huo ungeweza kusimama stejini ukaona kahawa pande zote mbili. Halafu mashamba yakakatwa vipande, ploti zikauzwa, na magorofa ya kupangisha yakaota mahali pa mibuni. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, kila aliyefanya kazi Nairobi aliona anaweza kulala Ruiru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humu. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, karibu mara mbili ya Thika yenyewe. Watu walikuja haraka kuliko mabomba. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa hauna mfereji wa maji taka. Shimo likijaa, lori la kunyonya huitwa, na asiye na pesa ya lori hungoja mvua ya usiku.

Kwenye ploti tuliyopanga, kisima na choo vilitenganishwa na nguo zilizoanikwa. Mwenye ploti alijisifu kwamba kwake maji hayakatiki, na ni kweli hayakukatika. Binti yangu alishikwa na homa ya matumbo akiwa darasa la pili. Nilikaa naye kitandani siku tisa nikimpangusa jasho. Muuguzi ndiye aliyeniuliza, "Mnakunywa maji ya wapi?" Nikashtuka. Swali la maji la yule afisa wa kaki lilikuwa limenifuata miaka ishirini, na mimi, binti wa mama mwenye cheti, nilikuwa sina jibu.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya manispaa yalikwisha, kaunti zikaingia. Jedwali la Nne la katiba hiyo linaorodhesha yaliyokabidhiwa serikali hizo: hospitali na zahanati za kaunti, ambulensi, huduma za afya ya msingi, leseni za wauza chakula, uzoaji taka na majaa, hata makaburi. Nilipoisoma orodha ile nilifurahi kwa dhati. Niliona kazi zote za yule afisa ziko mahali pamoja, chini ya gavana ambaye ofisi yake naifikia kwa matatu mbili.

Lakini ikawa kwamba ukisema afya, watu husikia hospitali. Tulizungumzia vitanda vya Thika Level 5, dawa, mishahara, migomo. Ule wa madaktari wa nchi nzima ulioanza Desemba 2016 ulikwenda siku mia moja, na sote tulijua mtu aliyerudishwa getini. Hayo yalistahili kelele zetu. Lakini kwenye jaa la Kang'oki, Thika, moshi uliendelea kupanda, na hatukuuita afya. Mwishoni mwa 2022 kipindupindu kilipozuka nchini, wagonjwa wa kwanza walitokana na harusi iliyofanyika Limuru, ndani ya kaunti yetu hii hii. Nilimkumbuka mama na kiberiti chake.

Kisha, Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakapewa mikoba na simu nchi nzima, kila mmoja nyumba zake kama mia moja. Malipo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Ni fedha kidogo mno kwa kazi ile, nami nalisema bila kusita. Wa kwetu ni mama wa mtaa huu huu, tunakutana kanisani. Alipiga hodi Jumanne moja, akanipima presha mezani pangu, akamuuliza mjukuu wangu ananawa mikono lini. Hakukimbia mtu. Hakuna aliyeficha sufuria. Nilipomtazama akiandika kwenye simu nilitamani mama angeishi aone mtu wa afya anayekaribishwa chai.

"Na kile kisima cha ploti ya pili je, dada?" nikamuuliza.

Akaweka kikombe chini. "Kile naweza kukiandika tu, mama. Naweza kuwaambia wachemshe maji. Kukifunga si kazi yangu."

Anasema kweli. Sheria ya Afya ya Umma, ya tangu 1921, humpa afisa wa afya nguvu ya kumwandikia mwenye ploti aondoe uchafu unaodhuru watu, na asipotii apelekwe kortini. Nguvu hiyo ingalipo. Lakini mhamasishaji wa mkoba hawezi kuitumia, na afisa wa daftari tunamwona mara chache kwa mji uliojaa hivi. Nawataka wote wawili. Nataka huyu dada aongezewe malipo, na nataka yule mfupi wa shati la kaki arudi, apite ploti kwa ploti, afungue vifuniko.

Mwezi uliopita nilikwenda Makongeni kuona kaburi la mama, nikapita pale kibanda chetu kilipokuwa. Kipo kingine sasa, cha msichana wa miaka ishirini hivi, githeri inachemka. Macho yangu yakatangulia ukutani kutafuta msumari.

"Binti, cheti chako kiko wapi?" nikasema kabla sijafikiri.

Aliruka kutoka kwenye kiti. Na kabla hajanijibu, alifunika kwanza pipa la maji.